Nauli ya Jani la Muhogo

Walimu wenzangu vijana, juzi mlinifanyia sherehe ya kuniaga mkanipa saa ya ukutani. Nashukuru, ingawa sijui mstaafu mnataka awahi wapi. Katikati ya shughuli mmoja wenu alinong'ona kuniuliza kama ni kweli mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, au hayo ni maneno ya semina tu. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Hapa namjibu kwa kirefu, na wengine msome kama mtapata nafasi.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilifundisha hesabu darasa la saba. Nilitoka Kondoa nikiwa kijana, nikapangiwa Kibondo, nikadhani nitakaa kidogo halafu niombe uhamisho. Barua ya uhamisho sikuiandika kamwe. Nikaoa hapahapa, nikazoea mvua ya huku, nikazoea na salamu za Waha ambazo mtu mwenye haraka asizianze. Darasani nilikuwa mtu wa chaki na sauti kubwa. Wanafunzi wangu walifaulu, na mimi nilijua kwamba mtoto anayecheka hafundishiki.

Mwaka 2012 mwalimu mkuu aliniita ofisini. Pale Kumsenga wanakijiji walikuwa wameanzisha kituo cha watoto wadogo katika ghala la zamani la ushirika, na watoto hao ndio wangeingia darasa la kwanza shuleni kwetu. Akataka mtu mzima wa kukisimamia. Nilimwambia kuna walimu wa kike. Akasema walimu wa kike wamechoka kuambiwa hivyo. Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, naye alicheka mpaka akatua sufuria chini.

Siku ya kwanza nilivaa suruali yenye pasi. Nilikuta watoto wamekaa kwenye vigogo vilivyokatwa vifupi vifupi, na pembeni yuko Skolastika, mlezi wa kituo, binti wa Kumsenga aliyemaliza kidato cha nne. Nikaandika irabu ubaoni, nikageuka. Watoto wote walikuwa wamenipa mgongo wakimtazama mbuzi aliyeingia mlangoni. Nikapaza sauti. Mbuzi akatoka, nao wakamfuata. Ndipo Skolastika akaniambia kwa upole kwamba wengi wao Kiswahili hawakijui bado, nyumbani ni Kiha mtupu, na kwamba nilivyofoka walidhani namfukuza mbuzi.

Aliyenifundisha kazi upya alikuwa Bi Tabitha, mkufunzi aliyekuwa akitutembelea kutoka Kasulu. Alikuja nyuma ya pikipiki, nguo nyekundu kwa vumbi, akajikung'uta mlangoni na kuingia kazini bila kuomba maji. Alinikalisha kwenye kigogo, magoti yakanifika kidevuni, akaniagiza nikanunue sabuni kwenye duka la watoto. Muuzaji alikuwa na miaka mitano, na akanikatalia mkopo. Bi Tabitha akanipa kanuni moja tu, nami nawapa ninyi bila kuipunguza. Usiingie kwenye mchezo wa watoto mpaka wakukaribishe, na wakikukaribisha, ingia kama mwenzao.

Vifaa vyetu havikununuliwa. Magunzi ya mahindi yalikuwa watoto wachanga wa kubebwa mgongoni. Visoda vilikuwa pesa, mpaka vilipopungua, tukaanza kutumia majani ya muhogo ambayo huku hayaishi. Udongo wa kufinyangia tuliutoa bondeni. Mizani kubwa ya kahawa iliyoachwa na ushirika tuliiacha palepale kwenye kona kwa sababu hapakuwa na wa kuinyanyua. Mkitaka ushauri wangu kuhusu vifaa ni huu: chagueni vile ambavyo kikipotea kimoja hamtamwinamia mtoto na kumpekua.

Wazazi walikuja juu mapema. Baba mmoja alileta daftari la mwanawe, akalifungua mbele yangu ukurasa kwa ukurasa, jeupe lote, akasema mtoto kucheza anaweza hata nyumbani bila kuchangia uji. Nilimwita mwanawe aliyekuwa dukani, nikamtuma atuletee sabuni tatu na arudishe chenji. Akaleta sabuni tatu za udongo, akarudisha majani mawili, kisha akamtaka baba yake asikae mbele ya duka kama hanunui. Baba alicheka, daftari akalichukua. Lakini manung'uniko hayakuisha, na kamati ya kituo ilikuwa inatutazama kwa jicho la pembeni.

Mchezo mkubwa kuliko yote ulikuwa gari. Wenye gari walikuwa mapacha, Bukuru na Butoyi. Bukuru ndiye dereva, ameshika ringi ya baiskeli, na Butoyi ni konda. Vigogo vilipangwa viwili viwili, gari likaenda Kibondo mjini au Murungu siku ya gulio, na abiria walirushwa rushwa kwa mashimo ya barabara mpaka wengine walianguka kwa hiari yao. Butoyi alikuwa konda mkali. Asiye na jani la nauli alishushwa porini, na kiti kitupu hakukivumilia hata kidogo.

Domitila alikuja kwetu mwaka 2014, mvua za mwanzo zilipokwisha kukolea. Aliletwa na bibi yake, Bibi Melania, mwanamke mrefu mkavu wa maneno. Alimwacha mtoto ndani na Skolastika, akanivuta mimi nje. Mama wa Domitila alishikwa na uchungu wa uzazi ukawa mgumu, akapelekwa Kasulu kwa gari la abiria, na mtoto alisimama barabarani akampungia mkono. Huko Kasulu akafariki, na kichanga naye. Alirudishwa kwa gari dogo la wazi, akazikwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, na siku zile zote Domitila alikuwa amefichwa kwa jirani. Baba yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku Tabora. Mtoto aliambiwa kwamba mama bado yuko Kasulu anapata dawa, na kwamba nyuma ya nyumba asiende, kuna siafu.

"Asisikie kwenu, mwalimu," Bibi Melania aliniambia. "Mtoto mdogo akiambiwa, moyo wake unamfuata aliyekwenda."

Nilikubali. Msinione wa ajabu. Kwetu Kondoa nami nilikuzwa hivyohivyo, na babu yangu aliendelea kuwa safarini mpaka nilipoota ndevu. Skolastika naye alikubali, maana hakuna mtu wa Kumsenga ambaye angefanya vingine. Tukawa tumeshika ahadi wawili, na watoto wengine wote walikuwa wameishika kabla yetu, kwa kuwa wazazi wao waliwaonya. Watoto hao walikuwa wamekula chakula cha msiba ule. Walijua kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Siku za mwanzo Domitila hakusema neno. Alikaa mlangoni na kifurushi chake, kipande cha kitenge cha mama yake kilichofungwa fundo. Uji alionja akaacha. Skolastika alimpa gunzi abebe, akalipokea na kuliweka chini taratibu. Kisha asubuhi moja alisimama, akamwendea Bukuru aliyekuwa anapasha gari moto kwa mdomo, akauliza kama gari linakwenda Kasulu.

"Linakwenda," Bukuru akasema.

Tangu siku hiyo gari letu halikuwa na safari nyingine. Domitila alipanda wa kwanza na kifurushi mapajani. Walipofika Kasulu, ambako ni ukutani penye mizani ya kahawa, wenzake walishuka wakanunua ndizi na kugombana kama wasafiri. Yeye alikwenda mpaka kwenye mizani, akatazama huku na huku, akarudi kwa konda akasema, "Bado hajapona." Butoyi akaitikia kwa kichwa. Halafu wakati wa kurudi, Butoyi yule asiyevumilia kiti kitupu alikuwa anaacha kiti kimoja wazi pembeni ya Domitila. Mtoto mmoja alipotaka kukikalia, akamwondoa. Alimwambia kina mwenyewe.

Nilimwona akifanya hivyo nikatoka nje. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi nikidhani najua maana ya mtoto mwenye adabu, lakini hiyo ilinishinda.

Skolastika alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya mtoto yule. Mara alitaka tulifute gari, mara alitaka tuliache liendelee. Bi Tabitha alipokuja tulimweleza yote, akakaa akatazama safari moja ya kwenda na kurudi. Mwishoni alijikung'uta vumbi ambalo halikuwepo.

"Huyu anauliza swali moja kila siku," akasema. "Na mwenye kulijibu si mimi wala wewe."

Nilikwenda kwa Bibi Melania mara mbili. Mara ya kwanza alinipa ndizi za kuchoma na kuzungumzia mvua. Mara ya pili hakunipa ndizi.

Kisha ikaja siku ya gulio. Wakati wa uji watoto huchanganyikana, mmoja anaomba kikombe, mwingine kamwaga, na sisi tulikuwa wawili tu. Tulipoanza kuwakalisha, Domitila hakuwepo. Nilizunguka ghala mbio, na umri wangu mnaujua. Skolastika alikimbilia bondeni. Niliogopa, wala sioni haya kulisema, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na mto na upande mwingine barabara. Kabla sijafika barabarani nikaona konda wa gari la kweli anashuka njia ya kituoni, amembeba mtoto begani na kifurushi chake mkononi. Gari lilikuwa limesimama juu, abiria wanachungulia.

"Mzee, huyu si wa kwenu?" akasema. "Kapanda na wamama wa gulioni, nikajua ana mtu wake. Namdai nauli ananipa jani la muhogo. Namuuliza unashukia wapi, ananiambia pale alipo mama."

Hakucheka. Alimtua chini, akampa kifurushi kwa mikono miwili, akapanda kilima.

Mchana uleule kamati iliketi. Bibi Melania alisimama mbele ya watu, na nilijua atakalosema kabla hajalisema. Alisema tumemfundisha mtoto safari. Alisema alituletea mtoto aliyetulia, nasi tukampa gari na konda na njia, na kesho ataokotwa amekufa. Wale wa madaftari meupe nao wakapata nafasi yao. Kamati ikaamua gari livunjwe kesho yake, vigogo vipangwe kwa mistari kama shule. Bibi Melania akaongeza kwamba Domitila ataondoka mwisho wa juma kwenda Munanila kwa shangazi, huko mpakani ambako hakuna kituo wala gari la vigogo. Niliona mbele yangu mtoto anahamishwa kilima hadi kilima na uongo ule mkononi, na kila barabara atakayoiona ataiuliza kama inakwenda Kasulu. Niliumia sana. Niliwaomba jambo moja, kwamba bibi aje asubuhi autazame mchezo wenyewe kabla hatujauvunja. Alikubali kwa namna ya mtu anayetaka mzungumzaji anyamaze.

Alikuja. Alitusalimu kwa Kiha, mwakeye, kwa kupiga makofi taratibu kama inavyopasa, akasimama mlangoni, akakataa kiti cha walimu. Ndani, gari lilikuwa linajaa. Domitila alimwona bibi yake lakini hakuacha nafasi yake. Butoyi alitoka kuita abiria, akamkuta mtu mzima kasimama. Sasa mtoto wa Kiha, hata awe konda mkali kiasi gani, hawezi kukaa mzee akiwa wima mbele yake. Akatazama gari lake. Vigogo vyote vilikuwa na watu isipokuwa kile kimoja. Aliganda hapo kidogo, akamtazama Domitila, na Domitila akasogeza kifurushi.

"Bibi, kiti kipo," Butoyi akasema.

Bibi Melania alinigeukia mimi kwa hasira. Nikamwambia kanuni ya Bi Tabitha, kwamba akikaribishwa aingie kama mwenzao, na asipotaka tutavunja sasa hivi. Sikujua atafanya nini. Akakusanya kitenge chake, akapita katikati ya watoto, akakaa kwenye kigogo cha marehemu mkwewe. Butoyi akadai nauli. Bibi hakuwa na kitu. Domitila akachukua jani lake, akalichana nusu kwa nusu, akamlipia.

Gari likaondoka. Watoto waliyumba kwenye kona wakayumba kwenye mashimo, na yule mama mrefu akawa anayumba nao kwa sababu amebanwa kati yao. Bukuru akafunga breki. Kasulu, mwisho wa gari. Wote wakashuka, lakini siku hiyo hawakununua ndizi. Domitila alimshika bibi yake mkono, akampeleka hadi kwenye mizani, wakasimama. Alitazama huku na huku kama kawaida yake.

"Wewe unamwona?" akamuuliza.

Nilidhani Bibi Melania atamshika amtoe nje. Badala yake aliketi chini, kwenye sakafu ile ya vumbi, akamvuta mtoto mbele yake.

"Hayuko huku, mwana wanje," akasema, akimwita mwanangu kwa Kiha. "Mama yako alikufa. Alikufa hukuhuku Kasulu, na mtoto wake. Tukamrudisha. Tumemzika nyumbani, kwenye migomba."

"Penye siafu?"

"Hakuna siafu. Nilikudanganya."

Domitila alifikiri. "Alirudi na gari gani?"

"Dogo. La wazi."

"Alipata kiti?"

"Alilala, mama. Tulimlaza vizuri. Mimi nilimshika kichwa."

Ndipo mtoto akalia. Tangu aje kwetu hatukuwahi kumsikia akilia, na Bibi Melania naye akalia kwa sauti, jambo ambalo nadhani tangu mazishi hakupata mahali pa kulifanyia. Skolastika aliwakusanya wale wadogo zaidi. Mimi niligeukia ubao nikaufuta, na haukuwa umeandikwa kitu.

Hakuna aliyemwagiza Bukuru. Alikuwa bado ameshika ringi yake, ametazama mbele. Walipotulia kidogo akatangaza kwamba gari linarudi. Watoto wakapanda mmoja mmoja bila kusukumana. Bibi Melania akapanda, akampakata Domitila, na kwa hiyo kiti kimoja kikabaki wazi. Butoyi alikiona. Hakumwita mtu.

Kutoka pale walikwenda nyumbani, wawili hao, moja kwa moja hadi kwenye migomba. Nililisikia baadaye kwa Skolastika. Walipalilia kaburi pamoja, na mtoto akauliza mengi, na bibi akajibu yote. Gari halikuvunjwa. Kamati haikutengua uamuzi wake wala haikuukumbuka, na kwa uzoefu wangu wa kamati hiyo ndiyo njia yao ya kuomba radhi. Habari ya Munanila haikutajwa tena.

Hata hivyo Domitila hakuja kituoni kwa siku kadhaa, nami nilikuwa na hofu. Nilijiuliza kama yale ya bibi kuhusu moyo kumfuata marehemu yalikuwa na ukweli ndani yake. Mtu unaweza kuwa na hoja zote za semina na bado ukaogopa. Nilifika ghalani mapema kila siku nikatazama njia ya kwao.

Kisha akaja. Alisalimia, akanywa uji wake wote, akaenda kwenye gari. Hakuwa na kifurushi. Nilimwona akijadiliana na Butoyi kwa muda mrefu, Butoyi akikataa, akitikisa kichwa, halafu akitazama chini, halafu akimpisha. Domitila akasimama pale mlangoni pa gari, akapiga kigogo cha pembeni kwa kiganja, akaita kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo. Kasulu, Kasulu.

Nilisema ndani yangu, basi, tumerudi kulekule. Nikasogea nikasimama karibu, nikasubiri, kwa maana kanuni ni kanuni.

"Mzee, unakwenda?" akaniuliza.

Nikasema nakwenda. Akanidai nauli, nikampa jani. Nilipoinama ili nikae nilishindwa kujizuia.

"Na wewe konda, Kasulu unamfuata nani?"

Alinitazama kama wanavyotazama makonda abiria mwenye maswali.

"Simfuati mtu," akasema. "Mimi napeleka watu tu, halafu narudi na gari kwa bibi."

Akanisukuma ndani nisizibe mlango.